Madeni ya Marehemu Koinet

"Wimbo hauli, haunywi, haujawahi kulala kwangu hata siku moja. Nikulipe kwa lipi?"

"Lakini unauza nao, kaka."

"Nauza kuku mimi!"

"Basi zima kinanda Jumamosi tuone hao kuku wataliwa na nani."

"Kwa hiyo siku hizi hata kuku wangu ana mwimbaji wake?"

"Kuku hana. Wimbo ndio una mtunzi wake."

Wa kuku alikuwa Ally, mwenye mgahawa karibu na stendi ya Karatu, mtu ambaye akitoa mia mbili mfukoni lazima aiage kwanza. Aliyekuwa anadai ni dada mmoja mpole, Lilian, katoka Arusha na kitambulisho halali na risiti halali. Akaeleza taratibu kama mwalimu wa darasa la kwanza: mtu katunga wimbo, wewe unaweka msanii aupige mbele ya wateja, wateja wanakaa, soda zinatoka, basi na mtunzi apate chake. Ally alitaja watoto, akataja bei ya mafuta ya kula, akamtaja Mungu. Mwisho akalipa.

Meza ya pembeni kulikuwa na chalii mmoja anachovya chapati kwenye supu. Chapati ilibaki hewani mpaka ikadondosha mchuzi kwenye suruali. Huyo ndiye Marijani.

Marijani hakuwa mwizi. Mwizi anaamka usiku, na Marijani alipenda sana usingizi. Yeye alikuwa anaishi kwa mdomo. Aliwahi kuwatoza Wazungu hela ya kuangalia jua likizama, kwenye shamba la mbaazi la watu. Mwenye shamba alipotokea na jembe, Marijani akawaambia Wazungu huyo ni sehemu ya utamaduni, wakapiga picha. Sasa leo anaona mtu analipia kitu ambacho hakishikiki, hakipimwi, na mwenyewe hayupo! Kuna watu wanasubiri maisha yao yote kuitwa na Mungu kwenye kazi yao. Marijani aliitwa palepale, supu haijapoa.

Kitambulisho alikuwa nacho. Aliwahi kuhudhuria semina ya chanjo ya mbwa. Mbwa hana, ila alisikia kuna pilau. Alitoka na kadi ya kuvaa shingoni yenye picha ya mbwa ametoa ulimi. Akaigeuza, mbwa akawa anaangalia kifua. Akavaa shati jeupe, akapanda pikipiki yake, akaanza kazi.

Na kazi ililipa, acha kabisa. Siri yake ilikuwa ndogo. Alikuwa anamwambia mwenye baa, "Bosi, kwa risiti ni laki mbili. Bila risiti, kwa sababu nimekupenda, elfu arobaini." Hapo mwenye baa hajiulizi huyu katoka wapi. Anajiona mjanja yeye, kaipiga ofisi. Anacheka kabisa anavyotoa hela. Watu wanasema tapeli anawaonea watu. Tapeli gani anaweza kumwibia mtu ambaye hataki kuibia wenzake?

Akaenda mpaka Endabash, akamtoza hadi fundi baiskeli anayepiga mluzi akiwa kazini. Kibegi chake cha hela kikanenepa. Jumamosi mchana, mafuta yamebaki ya kunusa tu, akakata njia ya Oldeani kufunga hesabu. Akaingia kwa Mama Martha.

Kwa Mama Martha ni bustani tu, viti vya plastiki na banda la nyama. Zamani alikuwa anauza soda kwa nzi. Halafu akauza ng'ombe wake wa maziwa, wa pekee, mji mzima ukamwona kachanganyikiwa, akanunua kinanda na spika mbili. Akamchukua Clemensi, kijana aliyekuwa anachuma kahawa kwenye mashamba ya huko juu, ampigie kila Jumamosi. Toka hapo madereva wote wa safari wakishuka kutoka Ngorongoro na vumbi lao kichwani wanaishia kwake. Kinanda kikiondoka, madereva wanaondoka, na ng'ombe hayupo tena wa kurudia. Hilo Mama Martha alilijua akilala, akiamka analijua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unauza nini wewe?"

"Siuzi, nakusanya. Haki za watunzi." Akapigapiga kadi. "Huo wimbo anaopiga kijana una mwenyewe."

"Mwenyewe si huyo hapo? Kautunga kwenye kahawa. Kanisumbua nao wiki nzima, mimi shahidi."

Clemensi akanyoosha kidole kama yuko darasani.

Sasa mjanja mwenye adabu yake angesema samahani mama, angekunywa maji, angeondoka. Lakini Marijani alishaziona spika. Na mdomo wake ulikuwa na tabia ya kutangulia, kichwa kinafuata baadaye na miguu.

"Maneno ndiyo yake," akasema. "Sauti kaiba. Hiyo sauti aliitunga mzee Koinet, wa Enguserosambu."

Kwa nini Enguserosambu? Kwa sababu ni mbali, ukishapita Loliondo bado unaenda. Nani atapanda gari mpaka huko kwenda kuuliza? Akaona aongeze kufuli. "Sasa ni marehemu." Maiti hana simu. Akaona haitoshi, aweke na chumvi, neno la Kimasai alilookota kwa askari mmoja wa benki. "Alikuwa wa rika la Seuri."

"Sasa mimi nifanyeje?" Sauti ya Mama Martha ilishuka.

"Laki tatu. Au kinanda kiende ofisini, leo hii."

Clemensi akakikumbatia kinanda. Madereva meza ya kati wakaacha kutafuna. Na hapo, kwenye banda la nyama, mzee mmoja mwenye shuka nyekundu akaweka mfupa chini.

Huyo ni Senteu, mfanyabiashara wa mbuzi. Mama Martha ananunua mbuzi kwake, na kila wiki wanagombana bei mpaka majirani wanatoka nje kusikiliza. Senteu akaja polepole. Akamwangalia Mama Martha. Akamwangalia Marijani. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Koinet! Umesema Koinet? Wa Enguserosambu? Wa Seuri?"

Marijani akaishika kadi yake. "Ndi... ndiyo."

"Mrefu hivi?"

"Mrefu... kiasi."

"Sikio la kushoto limechanika?"

"Hilohilo!"

"Uwii, Koinet!" Senteu akalia kilio cha kweli, machozi yanatoka, sijui aliyatoa wapi. "Huo wimbo nimeusikia kwa masikio yangu! Alikuwa anawaimbia ng'ombe! Mama, kijana anasema kweli tupu!"

Waongo wana ugonjwa mmoja. Uongo wao ukipata shahidi, wa kwanza kuamini ni wenyewe. Marijani alisimama wima. Kwa mara ya kwanza maishani alijisikia mkweli, na ilikuwa tamu.

"Umeona, mama? Nilikwambia."

Mama Martha akafuta mikono kwenye kanga. "Basi nimeshindwa. Ila nisije nikalipa mtu siye. Wewe ndiye unayepokea mali ya marehemu Koinet?"

"Mimi."

"Yote?"

"Yote. Nimekabidhiwa."

"Sema kwa nguvu, hawa madereva nao wasikie."

"Mali yote ya marehemu Koinet ipo chini yangu mimi!" Na akajipiga kifua.

Senteu akaacha kulia, kama mtu kafunga bomba.

"Sidai. Vizuri sana. Sasa ero, kijana wangu, kaa chini. Koinet alimkopa marehemu baba yangu mtamba. Akasema, nisipolipa mimi atalipa atakayeshika mali yangu. Nimekutafuta sana."

"Mtamba?"

"Ng'ombe jike, ambaye hajazaa. Lakini huyo kama angebaki kwetu angezaa. Na watoto wake wangezaa. Silvanus! Wewe umesoma. Piga hesabu."

Silvanus, dereva mnene, akatoa simu kwa heshima zote. Akabonyeza, akafuta, akabonyeza tena. "Niondoe waliokufa na ukame?"

"Ondoa. Mimi sina roho mbaya."

"Arobaini na moja, mzee."

"Arobaini basi. Huyo mmoja namsamehe kijana, ana msiba."

Marijani akacheka. Akacheka peke yake. "Wazee wangu, labda ni Koinet mwingine..."

"Wa Enguserosambu? Wa Seuri? Mwenye sikio hilo? Mwenye wimbo huu?" Senteu akaguna. "Wako wangapi?"

Angesema nini? Akisema Koinet hayupo, yeye ni tapeli, na madereva wanane wamekaa kati yake na pikipiki, wote walishatapeliwa na mtu mwenye kadi shingoni. Akisema yupo, anadaiwa boma zima. Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza mdomo ukamsubiri yeye.

Hapo ndipo akasimama mama mmoja muuza shanga, Nailantei, aliyekuwa kivulini anatunga mkufu. Hakuna aliyemwita. Akamsogelea Marijani, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama anakagua ndama.

"Shikamoo yeyo, mama yangu," Marijani akasema kwa adabu.

"Usiniamkie hivyo. Mimi ni mjane wa Koinet." Akageukia watu. "Mwembamba. Lakini mwenye mali ya marehemu ndiye anayelisha mjane wake. Boma letu lina fisi wengi, atajenga uzio upya. Tunaondoka kesho."

Hata Senteu ilibidi afiche mdomo na shuka.

"Mama Martha," Marijani akanong'ona, "nisaidie."

"Nikusaidie na nini mwanangu? Mimi ni mdaiwa tu. Nilipe hiyo laki tatu, ujumlishe kwenye ng'ombe?"

"Sitaki! Nimesamehe! Ofisi imesamehe!"

Akaruka kwenda kwenye pikipiki. Silvanus akamdaka kamba ya shingoni, kadi ikapinduka, mbwa akawatolea ulimi watu wote.

"Na huyu naye katunga nini?" Silvanus akauliza.

Bustani ililipuka. Dereva mmoja alianguka na kiti chake. Katikati ya kicheko Senteu akainua mkono, mpole kabisa, akasema wao si watu wabaya. Ng'ombe wanaweza kusubiri. Mjane anaweza kusubiri, amezoea. Lakini marehemu hajafanyiwa matanga, na aibu hiyo haiwezi kusubiri. Akakitazama kibegi.

Marijani alikivua kibegi kama mtu anavua ngozi. Mama Martha akachungulia ndani, akanunua mbuzi wawili. Kwa nani? Kwa Senteu. Kwa bei ambayo Senteu aliitaja mara moja tu na kwa mara ya kwanza hakuna aliyebisha, kwa sababu ukigombania bei kwenye msiba unaonekana huna utu. Soda na bia zikawa za marehemu. Nailantei akauza mikufu ya maombolezo, ambayo asubuhi ilikuwa mikufu ya kawaida. Wenye baa wa Karatu waliokimbia risiti hawajajua mpaka leo kwamba walichangia mazishi.

Clemensi akawasha kinanda, akapiga ule wimbo. Safari hii akauwekea maneno mapya, ya mzee mrefu mwenye sikio lililochanika. Watu wakaitikia. Silvanus alilia kidogo, lakini Silvanus akila mbuzi huwa analia.

Marijani alibaki barabarani na pikipiki yake. Akapiga kiki. Ikakohoa, ikanyamaza. Mafuta alikuwa amepanga yatoke kwa Mama Martha. Akaanza kuisukuma kuelekea Karatu, halafu akasimama. Wimbo ulikuwa unamfuata, na ulikuwa mzuri, na hilo ndilo lilikuwa linamuuma.

Senteu alikuwa amesimama getini anachokonoa meno.

"Mzee," Marijani akasema. "Niambie ukweli tu, mimi naondoka. Huyo Koinet... alikuwepo kweli?"

Senteu akatema kijiti. Akamwangalia kwa huruma kabisa.

"Sasa kijana, huo msiba si umetuletea wewe?"

Akaweka shuka yake sawa begani, akageuka, akarudi kwenye nyama.