Mvua Ipewe Notisi, Nyanda Abaki

Pito, Sumbawanga
19 Februari 1995

Ndugu Mhariri,

Kwa miaka minne nimeficha jambo ambalo sitaki kwenda nalo kaburini, maana nimekonda na sina tena nguvu za mizigo: ng'ombe wa Nyanda hawajatia mafuta kwenye kisima chetu cha bondeni. Aliyeyafikisha pale ni mvua, nami naandika kuilalamikia.

Mimi ni mpima udongo mstaafu. Mkutano wa mtaa umempa Nyanda, mfugaji aliyehamia kwetu kutoka Shinyanga, hadi mwisho wa mwezi huu awe ameondoka na mkewe, watoto saba na mifugo yake. Kabla hajafunga virago, naomba mvua nayo isomewe mashtaka.

1. Mvua haina leseni. Tangu biashara iachiwe huria, Bwana Saad amefungua gereji ya malori pale juu ya bonde, na leseni yake ameitundika ukutani ndani ya fremu. Malori yana leseni. Hata mama muuza chai wa pale nje ana kibali. Mvua peke yake inasomba oili chafu hadi kisimani kila masika, na hakuna askari aliyewahi kuisimamisha.

2. Mvua inaharibu ushahidi. Nimepima udongo wa gereji na mteremko wake misimu minane. Nagandamiza kijiko cha udongo kwenye karatasi ya hesabu, kisha nahesabu vyumba vilivyolowa mafuta. Septemba hupata vyumba arobaini; Februari, sita. Kamati ya maji ilikuja Januari, ikakuta gereji safi kama sebule ya paroko, ikampongeza Bwana Saad. Ikashuka kisimani, ikaona maji yanang'aa rangi rangi, ikakamata ng'ombe. Nimewachunguza ng'ombe hao kwa makini, mbele na nyuma. Wanatoa mengi, lakini oili hawatoi.

3. Mvua haihudhurii mikutano. Nyanda alihudhuria, akasimama, akavua kofia. Mama Redempta wa kamati akamwambia kwamba kabla hawajaja na mikia yao, maji yalikuwa maji. Nyanda akajibu, "Shikamoo mama. Hata mimi nakunywa hayohayo." Watu wakacheka, naye akakaa. Muda wote huo mvua ilikuwa juu ya bati, inapiga kelele hadi katibu hasikii anachoandika, na hakuna aliyeiuliza kitu.

4. Mvua ina washirika. Paroko aliiombea mwezi Novemba, hadharani, mbele ya mashahidi wasiopungua mia tatu. Juzi alipokuja kunipa mpako wa wagonjwa nilimweleza kosa lake. Akaniuliza kama nimemaliza kuungama. Nikamwambia aanze yeye.

Kwa hiyo naomba kiangazi kirefushwe kiwe cha miezi kumi na miwili, ili oili itulie ilipomwagwa kama raia mwema. Hilo likishindikana, notisi ya Nyanda ibadilishwe jina. Mvua ihame Ufipa na mawingu yake yote kabla ya tarehe ishirini na nane, iende Wampembe, ambako wana ziwa zima na hawatajua kama imeongezeka. Mahindi yatakauka, najua. Ila tutakuwa tumemfukuza mwenye kosa.

Nisalimie wote hapo ofisini, wapiga chapa na mfagizi, na yeyote atakayekuwa na subira ya kuusoma mwandiko huu wa kitandani.

Ni mimi, ningali napumua,
Polikarp Sangu

Nyongeza: Mhariri, mvua haina kosa. Mwaka 1991 Bwana Saad alitaka kupeleka oili yake chafu jalalani, mbali, ndani ya mapipa. Akaja kwanza kuniuliza mimi, msomi wa udongo. Nilimcheka. Nilimwambia sisi Wafipa hufukia majani chini ya matuta ya duara, na msimu ukija yamekuwa mbolea. Basi afukie oili pamoja na majani, nayo itaoza. Akaniamini, akainua matuta kumi na manane kwenye mteremko wa kisima. Majani yalioza. Oili haikuoza. Nilijua hivyo tangu masika ya kwanza, na tangu masika hayo nyumbani kwangu hatujanywa maji ya kisima kile.