Mpango Wangu wa Kumfikisha Sumire Fainali

Jumatatu, 18 Novemba

Nagoya. Mvua. Nimepata mpango! Umenijia nikipiga mswaki, nusura nimeze dawa yote.

Nimefundisha wasichana kuteleza kwenye barafu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijafikisha hata mmoja fainali ya msimu. Ebihara amefikisha watatu. Ebihara! Tulijifunza naye uwanja mmoja, na siku hizo alikuwa akianguka hata akiwa amesimama.

Mwaka huu ni zamu yangu. Nina Sumire Hatano, miaka kumi na tisa, akili timamu, magoti ya chuma.

Jioni mama yake akataka nimweleze tena hesabu. Nikamweleza kwa upole. Mashindano ya msimu ni sita, kila msichana anapangiwa mawili. Wa kwanza hupata pointi kumi na tano, wa pili kumi na tatu, wa tatu kumi na moja, zinaendelea kushuka hivyo. Unajumlisha. Sita wa juu wanaingia fainali. Sumire alikuwa wa tatu kule Ufaransa, yamebaki ya Sapporo wikendi hii. Nafasi tano zimeshapata wenyewe. Ya sita ameikalia Yuzuna, msichana wa Ebihara, kwa pointi ishirini na nne.

Mama Hatano akauliza, je, Sumire akiwa wa pili? Ishirini na nne, nikasema. Akauliza, si watakuwa sare? Nikamwambia sare ni yetu, maana sisi ndio tunaomaliza. Kanuni ya sare sijaisoma. Haki haihitaji kusomwa.

Sasa mpango. Nafasi ya kwanza tusiiote, yule Mkorea, Ha Seo-yun, hashikiki. Ya pili inatutosha. Kwa hiyo Sumire aache ile Akseli kubwa, mruko wake wa mizunguko mitatu na nusu hewani, aruke ndogo ya miwili na nusu. Asianguke. Awe wa pili. Kwisha!

Jumanne, 19 Novemba

Nimemwambia. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia: "Sawa, Mwalimu."

Akaingia kwenye barafu, akaruka Akseli ya mitatu na nusu. Akaanguka. Akainuka, akaruka tena. Akaanguka tena, kwa kishindo cha gunia la mchele. Mara ya tatu akatua, mguu mmoja, mikono wazi, kama mtu anayemkaribisha mgeni.

Nikamuuliza ni sehemu gani ya neno "acha" hakuielewa.

"Ninaiaga, Mwalimu," akasema. "Nikiiacha ghafla itasikitika."

 

Jumatano, 20 Novemba

Sapporo. Theluji mpaka kwenye vifundo. Mtu wa kwanza kumwona hotelini: Ebihara, ndani ya koti jekundu. Msichana wake amemaliza mashindano yake, eti yeye amekuja kutazama tu.

"Kusunoki!" akaita mbele ya watu wote. "Bado unavaa koti hilo? Nilidhani mlishalizika."

Nikainama kwa heshima. Nikiwa kwenye lifti likanijia jibu kali sana, la kumkata maini. Nikashuka nalo mbio. Ameshaondoka.

Usiku nimebuni jambo. Wa kutuharibia nafasi ya pili ni yule Mwitalia, Fabrizia. Akiamini Sumire ni mgonjwa, atalegea. Kwa hiyo nimemnong'oneza mwandishi mmoja wa habari, huku nikila tambi, kwamba goti la Sumire lina shida. Nikamwomba asimwambie mtu. Nina uhakika atamwambia kila mtu. Akili!

Alhamisi, 21 Novemba

Amemwambia kila mtu.

Daktari wa mashindano alikuja asubuhi akamtoa Sumire mazoezini. Akamkunja goti, akalikunjua, akaligongagonga. Muda wetu wote wa mazoezi ukaishia pale. Fabrizia hakulegea hata kidogo, alifanya mazoezi kwenye barafu tupu, peke yake, akiimba.

Mchana akatokea Mama Hatano. Ametoka Nagoya kwa ndege, macho yamevimba, mkononi chupa ya supu.

Sumire akanivuta pembeni. "Mwalimu, goti langu linauma tangu lini?"

Nikasema ni mbinu.

"Basi mbinu hiyo mweleze mama," akasema. "Mimi naenda kunywa supu."

Nikamweleza mama. Hakupaza sauti. Akanimiminia bakuli na mimi. Supu ilikuwa nzuri. Niliinywa nikiwa nimeinamisha kichwa.

Ijumaa, 22 Novemba

Programu fupi, nusu ya kwanza ya mashindano; ndefu ni kesho. Sumire ametii. Akseli ndogo, kila kitu salama, hakuna kosa. Uwanja ukapiga makofi ya adabu, kama kwenye hotuba ya mkuu wa shule.

Wa tatu. Mkorea mbele, Fabrizia wa pili kwa tofauti ndogo.

Nikamwambia Sumire kesho Mwitalia atachoka. Ameimba sana.

Kwenye ngazi nikakutana na Ebihara. Nilitegemea kejeli, hata nilikuwa nimeandaa ya kwangu. Badala yake akauliza kwa sauti ya chini kwa nini nimemfunga mtoto yule kamba. Nikamjibu kwamba kila mwalimu ana hesabu zake. Akasema hilo anaamini, ila angependa kujua zangu nilifundishwa na nani.

Jumamosi, 23 Novemba

 

Kabla hajaingia nilimshika mabega ukingoni mwa barafu. Nikasema: ndogo, Sumire. Ndogo. Akaniinamia, akapangusa pua, akaenda.

Muziki ukaanza. Akachukua kasi. Nikaijua kasi ile. Si ya Akseli ndogo! Nikafunika uso kwa taulo lake, nikachungulia kwa jicho moja.

Akapaa.  Nimetazama miruko maisha yangu yote, na mingi ni kazi, unaona jasho na hesabu. Ule haukuwa na kazi yoyote ndani yake. Alizunguka juu pale kana kwamba ardhi ilikuwa imempa ruhusa. Akatua, chuma cha kiatu kikasema "shhh" tu, naye akaendelea kuteleza kinyumenyume huku akicheka.

Nikasahau mpango. Nikasahau pointi. Mara nikagundua ninamkumbatia mtu kwa nguvu, tena ninalia, na mtu huyo amevaa koti jekundu. Tukaachiana haraka. Na yeye alikuwa analia. 

Fabrizia akaanguka mara moja. Mkorea hakuanguka. Sumire: wa pili!

Kwenye kochi la kusubiria alama nikaruka juu. Ishirini na nne! Tumeingia!

"Bado, Mwalimu," akasema Sumire, bado anahema. "Tuko sare na Yuzuna. Wanaangalia kwanza nani alishika nafasi ya juu zaidi. Sote wawili nafasi yetu ya juu ni ya pili. Kwa hiyo wanajumlisha alama zote za mashindano mawili."

Nikamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu Jumatatu. Mama alipiga simu kwenye chama cha mchezo, akauliza."

Nikakaa, nikajifuta uso kwa taulo lake. 

Orodha ikatokea. Wa sita: Hatano. Wa saba: Yuzuna. Tofauti haifiki hata alama mbili, na Akseli ile peke yake ina thamani kubwa kuliko hiyo. Angeruka ndogo, angekuwa wa pili vilevile, na tungerudi nyumbani.

Ebihara akaja. Mbele ya Sumire akainama, chini kuliko desturi inavyotaka. Akasema: "Asante, mwanangu. Hata mimi niliyepoteza nimefurahi." Sumire akainama chini zaidi, akaanza kulia kwa mara ya kwanza siku nzima.

Jumapili, 24 Novemba

Waandishi wamenihoji. Nimewaeleza kwamba tuliuficha mruko Ijumaa kwa makusudi ili kuwalaza usingizi wapinzani. Sumire alikuwa nyuma yangu. Akakohoa. Mama Hatano pia akakohoa. Baridi ya Sapporo si mchezo.

Jumanne, 26 Novemba

Nagoya. Ebihara amepiga simu. Ametupongeza tena. Kisha akasema kwenye fainali nisimzuie mtoto, nimwache aruke Akseli kubwa, tena mara mbili.

Nikamshukuru. Nikakata simu. Nikafikiri.

Yuzuna ni wa saba. Yaani ndiye wa akiba. Mmoja wa sita akiumia, yeye anaingia. Na nani ananiambia Sumire aruke mruko hatari mara mbili? Ebihara! Mjanja yule! Eti machozi!

Kwa hiyo nimeamua. Fainali: Akseli ndogo tu. Mpango tayari ninao, na safari hii hesabu nimezikagua.

Nikatoka mbio mpaka ukingoni mwa barafu kumwambia. Nikapiga kelele. Hakunisikia.

Alikuwa hewani.