Kiti Kisicho na Msumari

Jumatatu, 3 Machi
Nimejiandikisha kwenye maonyesho ya samani. Bango langu: "Kiti cha kiasili. Hakina msumari." Mama mkwe kakubali kunisukia kikalio kwa kamba, kama zamani. Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi anayejisikia, kaniuliza kama kweli najua kuchonga ulimi na tundu mpaka mbao ziumane zenyewe. Nikamjibu hiyo nafanya nimefumba macho. Nikiyafumbua ndiyo inanishinda, lakini hilo sikumwambia.

Jumanne, 4 Machi
Ulimi wa kwanza umevunjika. Wa pili unacheza ndani ya tundu. Wa tatu sitaki kuuzungumzia. Jioni akili ikanijia: bango limekataa msumari, halijataja skrubu. Nikafunga skrubu kila pembe, nikaziba vichwa kwa vipande vya mbao, nikapiga msasa. Safi kabisa. Shemeji kapita, kapapasa pembe, kaondoka bila neno. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe kasuka kutwa nzima. Kamba kailowesha kwanza kwenye ndoo. Anasema ikikauka hujivuta, na mbao zilizoumana vizuri huzidi kukazana. Nikaitikia kama mtu anayejua. Vidole vyake vimechubuka. Akasema hakutegemea kwamba kuna atakayemhitaji tena kwa kazi hii. Akaniita mwanangu. Siku zote huniita "huyo".

Jumamosi, 8 Machi
Nimejifungia chooni, hapa hapa kwenye maonyesho, naandikia humu. Aibu tupu.

Kamba ilikauka ikajivuta kweli. Mbao zangu zikapinda, vizibo vikatoka kimoja kimoja, skrubu zikachungulia. Nikasimama mbele kuzikinga. Jaji akamwomba mama mkwe akikalie kiti chake. Akakaa, na gauni lake la heshima. Alipoinuka, gauni limenasa kwenye skrubu, na mguu wa kiti ukamfuata.

Mama mkwe, ambaye macho hayamsaidii tena, akamwomba jaji radhi. Eti kosa ni lake, mikono imezeeka, kavuta kamba kupita kiasi. Mkwe wake ni fundi safi. Nikafungua kinywa niseme ukweli. Nikasema asante.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kagawa kamba zake zote kwa majirani. Kusuka basi. Mke wangu analia jikoni. Shemeji kanivuta pembeni: skrubu alizijua tangu Jumanne, alikuwa ananingoja niseme mwenyewe. Niseme sasa hivi au aseme yeye.

Nikasema, macho sakafuni. Mama mkwe kauliza kama kweli mikono yake haina kosa. Nikamwambia haina. Akajifuta machozi, akamtuma mke wangu akazirudishe kamba. Nitachonga kiti kingine, kwa patasi, naye atakisuka. Nimerudi kuwa "huyo". Natamani ardhi inimeze. Nimeapa: hila mwisho.

Jumatatu, 10 Machi
Nachonga kwa moyo mweupe. Tundu la kwanza limetokeza upande wa pili. La pili pia. Nimeyajaza gundi na unga wa mbao, nikapiga msasa. Gundi si skrubu, kiapo kiko palepale.

Halafu nimekaa nikatafakari kosa langu lilikuwa wapi hasa. Nimeligundua. Ni yale maji.

Nimeficha ndoo.