Katibu Kauza Chai Yetu

Honi ya mapumziko haijamaliza kulia, Jharna, tunayemwita Redio, kashatua kwenye benchi la chai la shangazi Malati, nje ya kiwanda chetu cha magunia pale Bhatpara.

"Mmesikia? Chama cha wafanyakazi kimesaini na tajiri. Mapumziko yalikuwa nusu saa, kuanzia leo ni robo."

"Chama kipi?" akauliza mzee Akhil. Huyu ndiye Bendera. Tangu ujana wake, hakuna maandamano ya chama yaliyotoka bila yeye kushika bendera mbele.

"Chako, kaka. Katibu Bhoumik kawaambia waandishi kwamba wafanyakazi tumekubali kwa furaha."

"Furaha ya nani? Mimi hata biskuti sijachovya!"

Montu akaruka. Tangu aanze kusoma vijitabu vya mapinduzi, jina lake Kamanda. "Si niliwaambia? Tajiri akipiga chafya, chama kinatoa leso! Tuunde kamati yetu. Isiyo na katibu, isiyo na ofisi, isiyo na kiongozi..."

"Na isiyo na watu," Redio akamkata. "Mkutano wako wa Jumapili alihudhuria mbuzi wa shangazi, naye alifuata majani."

"Chekeni tu! Siku ikifika mtaniona!"

Tukamgeukia Bendera. Alikuwa anazungusha kikombe chake cha udongo.

"Baba alipofariki," akasema, "chama ndicho kilichombeba mpaka mtoni tunakochomea maiti. Leo nikitupe?"

"Baba kilimbeba, kaka," Redio akamjibu taratibu. "Wewe kinakukalia."

Honi ikalia. Robo saa kweli! Kamanda, mapinduzi yangali mdomoni, akainuka kama kafinywa, mbio getini.

Bendera hakutikisika. "Shangazi, niongeze chai."

Redio akakaa. Nami nikakaa. Mabenchi ya jirani yakatutazama, nayo yakakaa. Getini kabaki Kamanda peke yake, anashangaa.

"Rudi, Kamanda! Mapinduzi yako huku!"

Mara Katibu Bhoumik huyo, anatweta. "Nani kiongozi wenu?"

"Hatuna," Bendera akasema, akamsogezea nafasi. "Kaa unywe chai, ndugu yangu. Hatujamaliza."

Katibu akatazama geti, akatazama watu, akakaa.

Kufika jioni tangazo la robo saa limebanduliwa getini, nusu saa yetu imerudi. Na Kamanda? Anaapa mpaka leo kwamba alikimbilia getini kuzuia wasaliti wasiingie.