Rupia Saba na Sumaku ya Redio

Alhamisi, 5 Juni. Mugango
Nimetoka Bunda na rupia saba za Mjerumani! Madini ya fedha tupu! Gody wa mnadani kanipa zote kwa mbuzi mmoja. Mbuzi mwenyewe ana mimba, na ni wa mke wangu, Gaudensia. Yeye yuko kwa mama yake Bugwema hadi Jumapili. Akirudi atakuta mume tajiri. Gody kanifundisha na kuzipima: rupia halisi ina nguvu, inanata kwenye sumaku. Isiyonata ni feki. Jirani Amos kauliza nimeficha nini mfukoni. Kimbelembele! Huyu anaulizaga hata mboga tuliyolia ugali.

Ijumaa, 6 Juni
Nimevunja spika ya redio, nikatoa sumaku. Sita zimenata, pa! Moja imekataa. Nimeigeuza, nimeisugua, nimeitemea mate. Wapi! Nimempigia Gody. Akasema hiyo ilichanganyika kwa bahati mbaya, niitupe. Salio likaisha kabla sijamaliza kumtukana. Mshenzi! Mbuzi mzima!

Jumapili, 8 Juni
Feki nimeitumbukiza kwenye kikapu cha sadaka, nikabaki na jero langu, mia tano ya sadaka. Baada ya misa, mnada wa sadaka kama kawaida: kuku, maboga, mkungu wa ndizi. Mara Katekista Renatus akainua rupia yangu! Watu wakacheka. Na nani kainunua kwa elfu mbili? Gaudensia! Katoka Bugwema, kapitiliza kanisani. Eti bibi yake alivaaga kama hiyo shingoni. Elfu mbili kwa takataka! Nimemgombeza njia nzima. Kufika nyumbani, kauliza mbuzi yuko wapi. Nikasema nimempeleka kwa beberu. Akanikumbusha kwamba mbuzi ana mimba tayari. Kisha akaikunja kamba ya mbuzi, taratibu. Akitulia hivyo yule, naogopa.

Jumatatu, 9 Juni
Nimeamka, Gaudensia hayupo. Afadhali. Nikaenda Musoma mjini, kwa Matiko sonara. Kaleta sumaku, kazitazama sita zangu zikinata, kazisukuma pembeni kwa kidole. Chuma, kasema, kimepakwa rangi. Fedha hainati kwenye sumaku hata ufanyeje. Nikapiga meza, nikamwita mwongo. Akasema asubuhi hii mama mmoja wa Mugango kamletea rupia ya kweli, iliyokataa sumaku, naye kamlipa vizuri. Mama mmoja! Nilitamani kuing'ata ile meza.

Jumanne, 10 Juni
Mbuzi karudi. Amos, mbea yule, alimwona kwa Gody, akamwambia Gaudensia. Naye kamkomboa kwa hela ya rupia, ya rupia yangu! Kisha kamfunga wapi? Kwa Amos! Mimi nimekatazwa kumsogelea. Amos anamlisha majani mbele ya macho yangu, taratibu, moja moja. Nina hasira hadi ugali haushuki. Na aibu ninayo, ila simwambii mtu.

Jumatano, 11 Juni
Gody kapiga simu. Kaomba radhi sana. Ana cherehani ya chuma ya kizamani, ndani ina zebaki, ile wanayosema inauzwa mamilioni. Anataka zile sita na baiskeli yangu tu. Nimemfokea vilivyo! Nimemwambia safari hii sidanganyiki, napima kwanza ndipo natoa kitu. Akasema ni haki yangu kabisa. Kesho naondoka kabla Gaudensia hajaamka. Sumaku nimeshaifunga kwenye leso. Cherehani ikinata, naichukua. Isiponata, Gody atanitambua!