Kuku Wangu Avaa Soksi kwa Amri Yako

Kwa Mwenyekiti wa Mtaa,
ambaye kabla hajawa mwenyekiti nilimbeba mgongoni akanilowesha.

Mwanangu mheshimiwa,

Shikamoo uliyopaswa kuniletea nimeshaiitikia: marahaba. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Shule nilikaa miaka mitatu, ikanitosha. Wewe ulikaa kumi na sita, na bado unasaka mashetani kwa rungu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mwezi uliopita ulitangaza kwa kipaza sauti kwamba kuku atakayekutwa akichakura bustani ya mtu atachukuliwa. Mimi ni mtu wa kutii. Nilifumua sweta la marehemu babu yenu, nikamfumia kuku wangu soksi mbili nyekundu, kucha zikose nafasi. Anaitwa Shangazi, kwa sababu huingia bila hodi na kila kitu hukitia kasoro. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wangu ni mwenyeji, ana soksi. Kosa liko wapi?

2. Kinyozi, yule anayenyoa watu macho yakiwa barabarani, alipita nyuma ya ua wangu wa mabati mchana kweupe. Juu ya bati akaona kilemba changu. Chini ya bati akaona miguu midogo myekundu ya Shangazi. Badala ya kuhesabu wawili, akahesabu mmoja, akaenda kutangaza kibandani kwake kwamba mtaa una bibi mwenye miguu ya kuku. Mimi! Miguu yangu ina magaga, sikatai, lakini ni ya binadamu. Imekimbilia watoto saba, wewe ukiwa wa nane.

3. Uvumi ulipofika kwa fundi cherehani, huyo bibi alishakuwa mrefu kuliko nguzo ya umeme. Ulipofika kwa mwalimu, bibi huyo anauliza wapita njia saa, na ukimjibu unaota manyoya. Sasa wanafunzi wanazungukia njia ya mtaroni, na mama muuza maji ananiwekea ndoo kule mbali kama anayelisha mbwa mkali. Tangu Jumatatu sijasikia hodi. Nimebaki kuongea na kuku, naye mbishi.

4. Na wewe, msomi, umebandika tangazo: Jumamosi wanaume watoke na marungu kusaka "kiumbe chenye miguu myekundu." Usinitolee habari za lisemwalo lipo. Kilichopo ni kuku mmoja. Ukimuua, umemuua mkazi pekee wa mtaa huu anayefuata amri zako.

Kwa hiyo tangazo libanduliwe leo. Kipaza sauti kilekile kiseme kwamba Shangazi, tangu avae soksi, hajagusa hata punje ya udongo wa mtu. Na kinyozi aje aitazame miguu yangu mbele ya mashahidi. Akimaliza kuitazama, aioshe.

Wasalimie mkeo na wanangu wote hapo nyumbani. Mama yako mwambie mgongo wangu bado unamkumbuka mwanawe. Kinyozi usimsalimie.

Ni mimi bibi yako,
mwenye miguu miwili, ya mtu.

Nyongeza: Kabla sijaikunja barua, Shangazi amerudi na soksi moja, mguu mtupu umejaa udongo mweusi. Udongo mweusi mtaa huu uko kwako tu. Ile nyingine ukiiona kwenye kitalu chako cha vitunguu, katikati ya yale mashimo, usiitupe. Uzi wa sweta lile umekwisha.