Kontroli na S ya Bwana Mkurugenzi

Idara ya Uratibu wa Nyaraka ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba kuanzia Jumatatu ile kompyuta zote za ofisi zitamtambua Mkurugenzi. Ukibonyeza Kontroli na S, jina lake linajiandika lenyewe, pamoja na vyeo vyake vyote.

Vitufe hivyo alivichagua mwenyewe baada ya utafiti wa kina: alisimama nyuma ya wachapaji akaona ndivyo wanavyovibonyeza kila saa. Kwamba wanavibonyeza ili kusevu kazi, hilo lilikuwa suala la kiufundi. Kontroli na Z, iliyokuwa ikirudisha nyuma kilichofanyika, aliipangia maneno "kwa heshima na taadhima". Tangu lini bosi akarudi nyuma? Menyu nazo akaamuru zifichwe, zinazubaisha watumishi.

Alhamisi wizara ikataka taarifa ya kazi zake kabla ya saa sita, iamue kama aongezewe mkataba au akapumzike nyumbani. Nyumbani mkewe alishamwambia wazi kwamba pale mkurugenzi ni yeye.

Akaandika asubuhi nzima bila kuinua kichwa. Alipomaliza akaiteua taarifa yote ili akoleze herufi, akaridhika, kisha mkono, kwa mazoea yake ya miaka, ukabonyeza Kontroli na S.

Kwa kuwa ilikuwa imeteuliwa, taarifa ikatoweka yote. Likabaki jina lake na vyeo vyake, kwa herufi zilizokolea vizuri sana.

Akabonyeza Kontroli na Z. Skrini ikaandika "kwa heshima na taadhima". Akabonyeza tena, ikazidi kumheshimu.

Fundi wa kompyuta akaitwa.

"Shikamoo mzee. Hapa amri mbili ziligombea vitufe vilevile, ya kwako ikashinda. Nikirudisha mipangilio ya mwanzo, Kontroli na Z inairudisha taarifa yako sasa hivi."

"Na jina langu?"

"Hilo litatoka kwenye kibodi, mzee."

Mkurugenzi akakunja mikono. Kuondoa jina la kiongozi kulihitaji kikao cha Kamati ya Vitufe. Mwenyekiti wa kamati alikuwa yeye, na mwenyekiti hakuwa na nafasi, alikuwa na taarifa ya kuandika.

Katibu muhtasi akachungulia mlangoni. "Bosi, dereva wa wizara yuko chini. Anasema haondoki mikono mitupu."

"Chapa hivyohivyo ilivyo," akasema Mkurugenzi. "Wale wananifahamu."

Mchana simu ikalia. Katibu muhtasi akasikiliza, akafunika simu kwa kiganja.

"Ni wizara. Wanasema wameisoma. Idara hii haijawahi kuwapelekea taarifa ya kweli kama hii: vyeo vyote vimo, kazi hakuna hata moja."

"Kwa hiyo wameniongezea mkataba?"

"Wanakuaga, baba," akasema taratibu. "Kwa heshima na taadhima."